Picha ya Kahawia Haikuwa Pambo



Mwezi wa Shaaban bi harusi mmoja alikuja dukani kwangu na simu mkononi. Alitaka nimshonee gauni kama alilovaa marehemu mama yake siku ya ndoa. Mashallah, mikono, lesi ya shingoni, mikunjo ya kiunoni, yote inaonekana. Ila picha imegeuzwa kahawia, ile wanayoiita sepia, ipendeze kwenye kadi. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, gauni lilikuwa rangi gani?" Akanitazama tu. Picha ya karatasi ilipotea walipohama nyumba, na aliyeigeuza aliihifadhi juu ya ile ile ya rangi.

Nikaanza kusoma habari za rangi hii.

Jina sepia limetokana na kiumbe jamii ya ngisi, ambaye wino wake wachoraji wa Ulaya waliutumia zamani. Kwenye picha hamna ngisi. Picha nyingi za karne ya 19 zilichapwa kwenye karatasi iliyopakwa ute wa yai, njia aliyoitangaza Mfaransa Louis Désiré Blanquart-Evrard mwaka 1850. Zilitoka na wekundu wa kahawia, na mafundi wakazitia kwenye maji yenye dhahabu ili rangi ikae vizuri na zidumu. Ndiyo, dhahabu hii hii tunayogombania kwenye mahari!

Picha nyeusi na nyeupe za baadaye zilikuwa chembe za fedha. Fedha mnaijua: bangili ukiiacha kabatini huingia weusi, kwa sababu ya salfa iliyomo hewani. Fundi wa picha alifanya ujanja wa kuiwahi hewa. Aliitia picha kwenye dawa ya salfa yeye mwenyewe, chumba kizima kikanuka yai viza, na ile fedha ikageuka kitu cha kahawia ambacho hewa haikiharibu kwa urahisi. Kwa hiyo kahawia haikuwa pambo tu. Ilikuwa dawa ya kudumu.

Hapa Unguja, Mji Mkongwe, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na picha zake nyeusi na nyeupe zinajulikana mpaka nje. Ukitazama picha za zamani zaidi, za karne ya 19, usiamini weusi wa nguo. Dawa za wakati ule ziliona buluu vizuri lakini nyekundu hazikuiona, mpaka Mjerumani Hermann Vogel alipogundua mwaka 1873 kwamba rangi za kutilia nguo zinaweza kuzifumbua macho. Nguo nyekundu ilitoka nyeusi.

Simu zetu nazo zina upofu wao. Hesabu inayotumika sana huchukua asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya buluu, ikavichanganya kuwa kijivu kimoja. Nyekundu iliyokolea na kijani cha majani vinaweza kutoka sawasawa. Nimejaribu kwa vipande vya satini mezani kwangu, sikuvitofautisha. Na hina? Programu nyingine zinakuachia uchague rangi ipi iwe na nguvu. Ukiongeza nyekundu, ngozi inang'aa na hina inafifia. Kazi ya usiku mzima wa somo wako imekwenda. Ukiongeza kijani, maua yanarudi. Nawaona mabibi harusi wanaochagua ile ya kwanza kwa sababu ya weupe. Hilo lina mjadala wake, leo niache.

Mpiga picha wako akikupa za kahawia, mwombe na zile za rangi, uziweke mahali pawili. Kahawia ya simu haitii salfa wala dhahabu. Inaondoa rangi, basi.

Yule mdogo wangu tulimpeleka kwa wazee. Mama mkubwa akasema kijani, shangazi akaapa jekundu. Tukashona kijani. Siku ya ukumbini shangazi alilishika pindo, akatikisa kichwa.