Udongo mweusi wa uwanda wa Mkata

Udongo mweusi wa uwanda wa Mkata ni udongo mzito wa mfinyanzi unaopatikana katika nyanda za nyasi kati ya Kilosa na Mikumi, mkoa wa Morogoro, nchini Tanzania. Wataalamu wa udongo huuweka katika kundi la vertisoli. Wakulima huuita udongo wa mbuga, na wajenzi wa barabara huufahamu kama udongo mweusi wa pamba. Sifa yake kuu ni kwamba huvimba unapolowa na husinyaa unapokauka hadi kupasuka nyufa pana.

Jina

Siku hizi neno "mbuga" hutumika sana kwa hifadhi za wanyama. Maana nyingine ya neno hilo ni uwanda wa nyasi, tambarare, ambao maji hutuama wakati wa mvua. Kwa kuwa nyanda hizo mara nyingi huwa na mfinyanzi mweusi, wataalamu wa udongo waliofanya kazi Tanganyika walilichukua neno hilo la Kiswahili katika maandishi yao. Jina vertisoli linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kugeuza, kwa sababu udongo huu hujigeuza wenyewe.

Mahali na tabianchi

Uwanda wa Mkata uko chini ya milima ya Rubeho na Ukaguru upande wa magharibi na vilima vya Uluguru upande wa mashariki. Sehemu yake ya kusini imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye eneo la kilomita za mraba 3,230. Mito ya Mkata na Mkondoa ni sehemu ya bonde la mto Wami unaoishia Bahari ya Hindi.

Mvua hunyesha hasa kati ya Novemba na Mei. Kiangazi huanza Juni na kuendelea hadi Oktoba. Mabadiliko hayo ya maji mengi na ukavu mkali, yanayorudi kila mwaka, ni ya lazima ili udongo wa aina hii uwepo.

Asili

Udongo mweusi wa mfinyanzi hutokea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuoza kwa mwamba palepale ulipo. Sheli, yaani tope la kale lililogandamana likawa jiwe la matabaka, hutoa mfinyanzi mwingi inapomeng'enyuka kwa kuwa yenyewe iliundwa kwa chembe ndogo sana. Kusini mwa uwanda, kuelekea Mikumi na Kidodi, kuna miamba mashapo ya kundi la Karoo, ikiwemo mawe ya mchanga na sheli.

Njia ya pili ni kuletwa na maji. Mito inayoshuka milimani hutua mchanga kwanza. Chembe laini husafiri mbali zaidi na kutulia pale maji yanaposimama. Pamoja nazo huja kalsiamu na magnesi zilizoyeyuka katika maji. Madini hayo yakikusanyika mahali pasipo na njia nzuri ya kutolea maji, mfinyanzi wa aina ya smektaiti huundwa. Sehemu kubwa ya udongo wa katikati ya uwanda imeletwa na mito.

Ndiyo maana udongo hubadilika kadiri mtu anavyoshuka mteremko: mwekundu juu, wa kichanga au wa kijivu katikati, mweusi bondeni. Mtaalamu Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alieleza mfuatano huo katika miaka ya 1930 na kuuita katena, yaani mnyororo. Istilahi hiyo iliyozaliwa Afrika Mashariki sasa inatumika duniani kote.

Sifa

Chembe za mfinyanzi ni ndogo kuliko milimita 0.002. Ili udongo uitwe vertisoli lazima uwe na angalau asilimia 30 ya chembe hizo. Smektaiti ina matabaka membamba kama kurasa za kitabu. Maji huingia kati ya kurasa hizo na kuzitanua, na yakitoka hukaribiana tena.

Matokeo yake yanaonekana kwa macho:

- Wakati wa kiangazi hutokea nyufa zenye upana wa sentimita kadhaa na kina cha nusu mita au zaidi.
- Udongo wa juu hukatika vipande vidogo na kudondokea ndani ya nyufa. Mvua ikinyesha, udongo wa chini huvimba, hukosa nafasi na kusukuma juu. Hivyo ndivyo unavyojigeuza.
- Ndani ya shimo huonekana nyuso laini zinazong'aa, pale mabonge yaliposuguana.
- Mara nyingi kuna vijiwe vyeupe vya chokaa.

Wengi hudhani weusi ni dalili ya mboji nyingi. Sivyo. Kiasi kidogo tu cha mboji kikishikamana sana na mfinyanzi kinatosha kuutia rangi udongo wote. Udongo huu hushika vizuri kalsiamu, magnesi na potasiamu, lakini mara nyingi hupungukiwa nitrojeni, fosforasi na zinki. Vilevile huhifadhi maji mengi, ila sehemu kubwa hushikwa kwa nguvu kiasi kwamba mizizi haiwezi kuyavuta. Mmea unaweza kunyauka huku udongo ukiwa bado na unyevu.

Jaribio rahisi: weka udongo mkavu uliosagwa ndani ya chupa pana ya kioo hadi nusu, weka alama, ongeza maji polepole na uache hadi kesho yake. Udongo wa mbuga utapanda juu ya alama, lakini mchanga hautapanda.

Mimea na wanyama

Nyasi hutawala kwa sababu nyufa hukata mizizi ya miti michanga na maji yanayotuama huinyima hewa. Migunga hustahimili hali hiyo, na mivumo huota kwenye sehemu zenye maji karibu. Jina la Mikumi linatokana na mivumo hiyo. Pembeni, udongo unapokuwa mwepesi, huanza milama na kisha miombo. Nyasi za uwanda hulisha nyati, nyumbu, pundamilia na tembo.

Kilimo na ufugaji

Mpunga, mtama, pamba, alizeti na dengu huweza kustawi. Ugumu uko katika muda wa kulima. Udongo mkavu ni kama jiwe na hutoa mabonge makubwa. Ukilowa sana hunasa jembe na matairi ya trekta. Siku zinazofaa ni chache, na mwenye jembe la mkono huzikosa kwa urahisi. Mbinu zinazosaidia ni kutayarisha shamba mapema, kupanda kwenye matuta mapana yenye mifereji ya kutolea maji, kutengeneza majaruba kwa ajili ya mpunga na kuongeza samadi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, karibu na mji wa Kilosa, hushughulikia baadhi ya mazao hayo, yakiwemo mtama na alizeti.

Kwa kuwa sehemu za chini hukawia kukauka, majani yake hubaki mabichi wakati kwingine yamekwisha. Hivyo mkulima wa mpunga na mfugaji huhitaji ardhi ileile. Mnamo Desemba 2000 mapigano kati ya wakulima na wafugaji katika Rudewa Mbuyuni, wilaya ya Kilosa, yaliua watu zaidi ya 30. Ramani ya udongo na mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji ni mambo yasiyotengana.

Maji na ujenzi

Mvua za kwanza hupotelea ndani ya nyufa. Nyufa zikijifunga, maji karibu hayapenyi tena, nayo hutuama au kutiririka. Jambo hilo hufanya mafuriko yakae muda mrefu uwandani, ingawa chanzo chake ni mvua za milimani. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu makazi ya Kilosa na reli ya kati. Kwa upande mwingine, udongo huo huo unafaa kwa malambo kwa sababu hauvujishi maji.

Nyumba yenye msingi mfupi hupasuka kuta, kwani udongo wa pembeni hulowa na kukauka haraka kuliko ule wa katikati. Wajenzi huondoa udongo mweusi na kujaza kifusi, huchimba msingi hadi penye unyevu usiobadilika, au huchanganya udongo na chokaa. Mitaro ya kuondoa maji ya paa mbali na ukuta ni kinga isiyo na gharama kubwa.