Kisa cha Quba na Suala la Kuvushwa Watoto Mipaka

Katika mambo yanayozuka baada ya talaka, moja halizungumzwi vya kutosha misikitini: mzazi kumchukua mtoto na kumvusha mpaka wa nchi bila ya ridhaa ya mwenziwe. Hutokea baba akarejea kwao na watoto, na hutokea mama akaondoka nao. Kila mmoja hudai kwamba Sharia iko upande wake. Basi na tuitazame historia, tuone wema waliotutangulia waliamua vipi.

Hukumu ya Abubakar

Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba Umar bin al-Khattab (R.A.) alikuwa na mke wa Kiansari aliyemzalia mtoto, Asim, kisha wakaachana. Siku moja Umar alifika Quba akamkuta mwanawe anacheza kwenye uwanja wa msikiti. Akamshika mkono na kumpandisha juu ya mnyama wake. Bibi mzaa mama akamuwahi na kumzuia, wakazozana hadi wakafika mbele ya Khalifa Abubakar as-Siddiq (R.A.). Kila mmoja akadai kuwa mtoto ni wake. Abubakar akamuamuru Umar amwachie bibi mtoto, na Umar hakurudisha neno. Katika riwaya nyingine aliyezozana naye ni mama mwenyewe, na Khalifa akaeleza kuwa mapaja ya mama ni bora kwa mtoto mpaka akue na kuchagua.

Tuzingatie hapa. Nasaba ya Asim haikuwa na shaka, na daraja ya Umar katika dini hakuna asiyeijua. Juu ya hayo, kuwa kwake baba hakukumhalalishia kumchukua mtoto kwa mkono wake. Jambo lilipelekwa kwa mwenye mamlaka ya kuhukumu, naye akatii.

Msingi wa hukumu hiyo ni Sunna. Mwaka wa 7 Hijria, Mtume (S.A.W.) alipotoka Makka baada ya Umra ya Kadha, Ali, Jaafar na Zaid (R.A.) walishindania kumlea binti wa Hamza. Mtume (S.A.W.) akamkabidhi kwa Jaafar, kwa kuwa mkewe alikuwa mama mdogo wa binti huyo, akabainisha kuwa ndugu wa mama yuko katika daraja ya mama.

Hadhana, uwalii na safari

Chanzo kikubwa cha mgogoro ni kuchanganya mambo mawili. Hadhana ni ulezi wa kila siku: kulisha, kuogesha, kulaza na kulinda. Mama hutangulizwa katika hilo maadamu hajaolewa na mwingine. Uwalii ni usimamizi wa mali, elimu na ndoa, nao ni wa baba. Mwenye uwalii hapati kwa huo peke yake ruhusa ya kuivunja hadhana, wala mwenye hadhana hapati ruhusa ya kumkatia baba mwanawe.

Kuhusu safari, mafaqihi wametofautiana. Kwa Mashafi, mzazi akisafiri kwa haja na kurudi, mtoto hubaki na aliye mjini. Akihama moja kwa moja, baba hutangulizwa ili nasaba ihifadhike, kwa sharti njia na mahali paendwapo pawe na amani. Mahanafi humruhusu mama aliyemaliza eda kuhamia na mtoto mji wa kwao ikiwa ndipo ilipofungwa ndoa. Ibnul Qayyim katika Zadul Maad akasema linaloangaliwa ni lenye maslahi na hifadhi zaidi kwa mtoto, na kwamba hayo yote ni pale ambapo mzazi hakukusudia kwa safari kumdhuru mwenziwe na kumpokonya mtoto. Kuhama kwa hila hakumpi mtu haki.

Mkataba wa Hague

Tarehe 25 Oktoba 1980 ulipitishwa Mkataba wa Hague juu ya utekaji wa watoto kati ya nchi na nchi. Unawahusu walio chini ya miaka 16. Hauamui nani mlezi. Unaagiza mtoto arudishwe haraka katika nchi alikokuwa akiishi, na mahakama ya huko ndiyo iamue, isipokuwa pakiwa na hatari kubwa kwake au sababu nyingine chache.

Nchi nyingi za Kiislamu zilisita, zikihofia mtoto kulelewa nje ya dini yake. Hofu hiyo si ndogo: Mashafi hushurutisha Uislamu kwa anayemlea mtoto wa Kiislamu, ingawa Mahanafi humkubali mama wa Ahlul Kitab mpaka mtoto afikie kuifahamu dini au ihofiwe ataizoea nyingine. Hata hivyo, mwaka 2003 majaji wa Uingereza na Pakistani walikubaliana juu ya kumrudisha mtoto alikokuwa akiishi, na mwaka 2004 majaji wa pande zote mbili walikutana Malta. Moroko ilijiunga na Mkataba mwaka 2010, Iraki 2014, Pakistani 2016 na Tunisia 2017.

Ndugu zangu maimamu, familia zetu leo zina mguu mmoja Mombasa au Unguja na mwingine Maskati au London. Mzazi akija kutaka fatwa ya kumchukua mtoto usiku usiku, tumsomee kisa cha Quba. Tumwelekeze kwa kadhi au mahakama, na kabla ya hapo kwenye suluhu iliyoandikwa: mtoto akae wapi, azuru lini, nani agharimie masomo yake ya dini. Qur'ani katika Suratul Baqara, aya ya 233, imekataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, na baba vilevile. Anayemnyakua mtoto huwadhuru wawili, mzazi mwenziwe na mtoto asiye na kosa.

Wallahu aalam.