Dhahabu ya Unga Inayobaki kwenye Marudio

Kwenye mialo mingi ya Geita na Kahama, yaani sehemu za kuoshea dhahabu, mchimbaji mdogo hulipia kusagiwa mawe yake mara mbili. Kwanza anamlipa mwenye karasha. Kisha akishaosha na kukamata dhahabu aliyoiweza, anauacha palepale mchanga uliobaki, yaani marudio. Kwa desturi ya machimbo mengi ya ukanda huu, marudio ni mali ya mwenye karasha au mwenye mwalo. Ndani yake kuna dhahabu, na mara nyingi ni nyingi kuliko ile aliyoondoka nayo mwenye mawe.

Dhahabu hiyo inayobaki ni ya unga, na ina historia yake. Ni historia ya watu wachache waliopata namna ya kuikamata, na ya maelfu waliochimba wakaiacha.

Wajerumani waliiona dhahabu kusini mwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1890, lakini mgodi mkubwa wa Geita ulianza kazi chini ya Waingereza mwaka 1936 na ukafungwa mwaka 1966. Katika miaka hiyo 30 ulitoa takriban wakia milioni moja, karibu tani 31. Migodi ya zama zile haikuihangaikia sana dhahabu ya unga, kwa sababu ilikuwa na sayanaidi. Njia ya kuyeyusha dhahabu kwa sayanaidi ilikuwa imegunduliwa Glasgow mwaka 1887 na John Stewart MacArthur pamoja na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest, na kwenye sayanaidi chembe ndogo huyeyuka haraka kuliko kubwa. Mwafrika aliyefanya kazi mashimoni Geita alijifunza kuchoronga na kubeba mawe. Siri ya matenki ya sayanaidi haikumhusu.

Mgodi ulipofungwa, ujuzi uliobaki vijijini ulikuwa ule wa shimoni. Sheria ya madini ya mwaka 1979 ilimfungulia Mtanzania wa kawaida njia ya kumiliki eneo dogo la kuchimba, na hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1980 ikawasukuma wengi kuyafuata machimbo. Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu yao kwa bei inayokaribia ya soko, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Nyarugusu, Mgusu, Lwamgasa na Kakola zikajaa watu. Walikuja na nyundo, sululu, karai na zebaki.

Kazi ya mwalo haijabadilika sana tangu hapo. Mawe yaliyopondwa kwa nyundo, mara nyingi na akina mama, huingizwa kwenye karasha, pipa la chuma linalozunguka likiwa na gololi nzito ndani. Unatoka unga mkavu wa kijivu. Unga unakorogwa kwa maji na kumwagwa juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa magunia. Dhahabu nzito inanasa kwenye nyuzi, mchanga mwepesi unateremka hadi shimo la chini. Magunia yanakung'utwa ndani ya beseni, kisha mtu anatia zebaki kwenye mchanga ulionaswa na kuusugua kwa mikono mitupu mpaka zebaki iibebe dhahabu. Inakamuliwa kwenye kitambaa, tonge linalobaki linawekwa juu ya mkaa wa moto, zebaki inapaa kama moshi na dhahabu inabaki. Anayechoma huwa amelikaribia jiko kuliko wote, na watoto mara nyingi hawako mbali.

Kasoro iko kwenye ule ubao. Dhahabu safi ni nzito mara 19 kuliko maji, ilhali mwamba mweupe unaoibeba haufikii hata mara tatu, kwa hiyo mtu angetegemea kuzitenganisha iwe kazi rahisi. Kwa chembe kubwa ni rahisi kweli. Lakini George Stokes alikwisha kuonyesha mwaka 1851 kwamba kasi ya chembe kuzama ndani ya maji hufuata mraba wa upana wake. Ukiipunguza upana mara 10, inazama polepole mara 100. Chembe ya dhahabu iliyo chini ya milimita 0.075 haina muda wa kutua kwenye gunia, maji yanaipitiliza. Karasha nayo inaongeza tatizo, maana dhahabu haivunjiki kama jiwe. Ikigongwa na gololi inatandazika na kuwa gamba jembamba, na gamba likiwa kavu huweza kuelea juu ya maji kabisa. Mchimbaji anayesaga zaidi ili aifungue dhahabu kutoka kwenye jiwe anaifungua kweli, kisha anaipoteza.

Tangu karne ya 19 wahandisi walijua kwamba kitu kikizungushwa kwa kasi, uzito wake huwa kama umeongezeka. Mashine ya Gustaf de Laval ya kutenga mafuta na maziwa, iliyobuniwa Sweden mwaka 1878, ilifanya kazi kwa kanuni hiyo. Kwenye dhahabu kulikuwa na kikwazo: ukimwaga tope la mchanga ndani ya bakuli linalozunguka, mchanga unajibana kwenye kuta na kuwa mgumu kama saruji, na dhahabu inayofuata haipati pa kuingia. Suluhisho lililoenea duniani lilitoka Kanada, jimbo la British Columbia, kwa Byron Knelson, na kufikia miaka ya 1980 mashine zake zilikuwa kazini.

Bakuli la Knelson lina mifereji inayolizunguka ndani, mmoja juu ya mwingine, na kila mfereji una matundu madogo. Nje ya bakuli kuna maji safi yenye msukumo. Bakuli linapozunguka, tope linasukumwa ukutani kwa nguvu inayofika mara 60 ya mvutano wa dunia, na wakati huohuo maji yanapenya matundu kuelekea ndani, yakiulegeza mchanga uliojaa kwenye mifereji. Chembe nyepesi inasukumwa na maji hayo na kutoka juu ya bakuli. Chembe ya dhahabu, hata ya unga, inayashinda maji na kujichimbia mferejini. Baada ya muda mashine inasimamishwa na bakuli linaoshwa. Mzigo mkubwa wa mchanga umepita, umebaki mkolezo wa kilo chache. Mkanada mwingine, Steve McAlister, alibuni mashine ya Falcon inayozunguka kwa nguvu kubwa zaidi, na kutoka upande huo ikaja iCON, bakuli dogo lililokusudiwa wachimbaji wadogo.

Ukanda wa Geita ulizipata mashine hizi, lakini ndani ya uzio. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, wilaya ya Kahama wakati ule, na mgodi mkubwa ukafunguliwa hapo mwaka 2001. Mgodi mpya wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, na kwenye kinu chake ziko mashine za Knelson zinazokamata dhahabu huru kabla mchanga haujafika kwenye matenki ya sayanaidi. Mwendo mfupi kutoka hapo, Mgusu na Nyarugusu, ni ubao na gunia. Mwamba unafanana na dhahabu inafanana. Kilichotofautiana ni nani aliyeweza kuingiza mtaji, na katika robo karne iliyopita tofauti hiyo haijapungua kwa kiasi cha kutosha.

Msaada ulipokuja kwa wachimbaji wadogo, ulikuja kupitia mlango wa afya. Kati ya 2002 na 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, UNIDO, liliendesha mradi wa zebaki katika nchi sita, na Tanzania ilikuwa mojawapo, kituo chake kikiwa Lwamgasa. Watafiti wa jiolojia kutoka Uingereza walipima maji, udongo, samaki na miili ya watu. Wachimbaji walionyeshwa kifaa cha kuchomea kilichofungwa, kinachoirudisha zebaki badala ya kuiacha ipae. Mwongozo wa mafunzo uliotoka mwaka 2006 ulizitaja pia mashine za mzunguko. Miaka michache baadaye watafiti wa Denmark walileta njia iliyozoeleka kwa wachimbaji wa Benguet, Ufilipino: kuyeyusha mkolezo kwa boraksi bila zebaki kabisa. Njia hiyo inadai mkolezo uliochujwa vizuri, na hapo ndipo bakuli la mzunguko na meza ya kutikisa vinapohitajika. Vifaa hivi vinategemeana, na kuvigawa kimoja kimoja kwenye semina ilikuwa kosa la miradi mingi.

Wakati semina zikiendelea, fedha ilielekea kwingine. Wenye mitaji waliyaona marudio yaliyorundikwa kwenye mialo wakajenga matenki ya sayanaidi. Marudio yakawa bidhaa, yakinunuliwa kwa lori na kusafirishwa kutoka wilaya moja hadi nyingine, yakiwa na zebaki ndani. Zebaki ikikutana na sayanaidi huyeyuka na kuwa rahisi zaidi kusambaa majini, ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeutaja mchanganyiko huo miongoni mwa mambo ya kukomeshwa. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Serikali imefanya mengi upande wa biashara. Mwaka 2019 wachimbaji wadogo waliondolewa baadhi ya kodi, na Machi mwaka huo soko la madini la Geita lilifunguliwa. Kupitia STAMICO, shirika la madini la taifa, na kwa fedha za mradi wa Benki ya Dunia, vilijengwa vituo vya mfano vya uchenjuaji Lwamgasa, Katente na, huko Chunya, Itumbi. Hayo ni maendeleo ya kweli, lakini soko hupima gramu zilizofika mezani, na zilizobaki mwaloni hazimo kwenye mizani hiyo.

Sababu za mashine ya mzunguko kusuasua kwenye mialo zinajulikana. Inataka maji safi yenye msukumo, na kiangazi mialo mingi huosha kwa maji ya bwawa yaliyozungushwa hadi yakawa uji. Inataka umeme usiokatika katikati ya kazi. Inataka unga wenye ukubwa unaolingana, na karasha nyingi hutoa mchanganyiko. Tena haikamati dhahabu iliyofungwa ndani ya madini ya salfa, ambayo ipo kwa wingi upande wa Bulyanhulu. Hiyo itahitaji kemikali hata baada ya bakuli kumaliza kazi yake.

Yote hayo yana ufumbuzi wa kihandisi. Ninaloliona kuwa zito zaidi ni ile desturi ya marudio. Mwenye karasha anayelipwa kwa mchanga uliobaki hana sababu ya kununua mashine inayoufanya mchanga huo uwe maskini. Mwenye mawe, ambaye angefaidika, hana dhamana ya kupeleka benki. Tuchukue tani moja yenye gramu 10: ubao ukikamata 4, gramu 6 zinahamia kwa mtu ambaye hakushuka shimoni. Kikundi kinachomiliki leseni, shimo na karasha kwa pamoja kinaweza kuipigia mashine hesabu na ikalipa, maana hakuna mtu wa pembeni anayepoteza. Mchimbaji aliye peke yake hawezi, mpaka mgawo wa marudio uandikwe kwenye karatasi kabla jiwe la kwanza halijaingia kwenye karasha. Kwa sasa makubaliano hayo, kwenye mialo mingi, ni ya mdomo.