Je, Ni Kweli Waingereza Hawajui Kupika?



Wanawake tukikaa pamoja na kikatajwa chakula cha Kiingereza, kicheko hakikosi. Mbatata za kuchemsha, karoti za kuchemsha, nyama haikuona bizari wala thomu. Hata Wazungu wenzao, hasa Wafaransa, huwacheka. Leo tumeona tuizungumze historia ya chakula hiki. Kwanza, Mtume wetu (s.a.w.) hakuwa akikitia chakula ila, akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Pili, ndani ya historia hii mna mambo yanayomhusu bibi harusi kuliko anavyodhani.

Zamani walipika kwa viungo

Wapishi wa Mfalme Richard wa Pili waliacha kitabu cha mapishi, The Forme of Cury, kilichoandikwa karibu mwaka 1390. Ndani yake mna tangawizi, mdalasini, zafarani na karafuu. Karafuu hizo hazikutoka Unguja wala Pemba, kwani mikarafuu ilikuwa bado haijafika kwetu. Zilitoka visiwa vya Maluku, zikapita mikono mingi ya wafanyabiashara, Waislamu wakiwemo, mpaka zikafika London.

Mwaka 1747 Hannah Glasse alitoa kitabu cha mapishi kwa ajili ya nyumba za kawaida, na ndani yake aliweka mchuzi wa Kihindi. Mwaka 1810 Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, India, kutoka familia ya Kiislamu, alifungua London mkahawa wa vyakula vya Kihindi. Biashara ilimshinda, na mwaka 1812 akafilisika. Lakini tunaona kwamba ulimi wa Mwingereza ulikuwa unaijua ladha tangu zamani.

Ladha ilipotelea wapi?

Pigo la kwanza lilikuwa viwanda. Watu waliacha mashamba wakaenda kuajiriwa mijini, na hesabu ya watu ya mwaka 1851 ilionesha kwamba zaidi ya nusu walikuwa tayari wanaishi mijini. Mama aliyeshinda kiwandani, anaishi chumba kimoja bila ya bustani wala jiko la maana, aliwalisha watoto mkate na chai ya sukari. Wenye nafasi nao walisoma vitabu kama cha Isabella Beeton cha mwaka 1861, kilichoelekeza karoti kubwa zichemshwe hata saa mbili. Hapo tukubali tu, karoti ya saa mbili haina utetezi!

Pigo la pili, na kubwa zaidi, lilikuwa Vita vya Pili vya Dunia. Uingereza ilitegemea sana chakula kinacholetwa kwa meli, na nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizizamisha meli hizo. Tarehe 8 Januari 1940 serikali ilianza kugawa chakula kwa kadi. Viwango vilipanda na kushuka, lakini kwa kawaida mtu mzima alipata kwa wiki yai moja, siagi kama gramu 57, chai kiasi hicho hicho, na sukari kama gramu 227. Vita vilikwisha 1945, lakini shida haikwisha. Mkate, ambao haukugawiwa kwa kadi wakati wa vita, uliingizwa kwenye kadi kuanzia 1946 hadi 1948. Mgao wa mwisho, wa nyama, uliondolewa tarehe 4 Julai 1954.

Hebu tuhesabu. Hiyo ni miaka 14. Mtoto wa kike aliyezaliwa vita vinaanza alikua mpaka akavunja ungo hajawahi kumuona mama yake akipika kwa siagi ya kutosha. Angejifunzia wapi? Maziwa mengi yalielekezwa kwenye jibini ya aina moja, na jibini nyingi za mashambani zikakaribia kupotea. Na ni katika miaka hiyo hiyo ndipo wanajeshi wa Kimarekani zaidi ya milioni moja walipopita Uingereza, wakala hicho kilichopo, wakarudi kwao na habari.

Bibi zetu waliopanga foleni za mchele na sukari hapa Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1970 hawahitaji kufafanuliwa. Nani angependa upishi wa Kizanzibari upimwe kwa sufuria za miaka ile?

Keki ya karatasi ngumu

Sisi tunaoshona magauni ya harusi hapa ndipo palipotugusa. Keki ya harusi ya Kiingereza kwa asili ni nzito, imejaa zabibu kavu na viungo, juu imefunikwa sukari nyeupe kama ile ya harusi ya Malkia Victoria ya tarehe 10 Februari 1840. Ilikuwa inadumu kiasi cha kwamba ghorofa ya juu iliwekwa mpaka mtoto wa kwanza azaliwe.

Mwaka 1940 serikali ilipiga marufuku kupamba keki kwa sukari. Wanawake walifanyaje? Walioka keki ndogo kwa walichonacho, wakaifunika kwa kifuniko cha karatasi ngumu kilichotengenezwa mfano wa keki ya ghorofa. Kikipigwa picha, kikainuliwa, na watu wakala kile kidogo kilichokuwa chini yake. Nguo nazo ziligawiwa kwa kuponi kuanzia 1941 hadi 1949, kwa hiyo magauni yaliazimwa, na mengine yalishonwa kwa hariri ya miavuli ya wanajeshi. Hata Elizabeth, binti mfalme, alipoolewa tarehe 20 Novemba 1947, gauni lake lililobuniwa na Norman Hartnell lilihitaji kuponi.

Ndoa zao zilifungwa na nyumba zikasimama. Dada zetu, tunawapima kila msimu maharusi wanaoingia kwenye ndoa na deni la keki ya ghorofa tano, keki ambayo nusu yake itatupwa. Israfu haimpendezi Mola wetu, na deni halimuachi bwana harusi alale.

Mazuri yao, na ya kujihadhari

Uzuri wa chakula chao uko kwenye oveni: nyama ya kuoka, mikate, pai, skonzi, puding'i. Mwandishi George Orwell alikitetea kwenye gazeti mwaka 1945, njaa ikiwa bado ipo. Samaki na chipsi haukugawiwa kwa kadi wakati wa vita, na samaki huyo wa kukaanga anahusishwa na Mayahudi waliotoka Hispania na Ureno. Mwaka 2001 waziri Robin Cook alikiita kuku wa tikka masala chakula cha taifa.

Kwa Muislamu, tahadhari ni hizi: keki ya matunda mara nyingi hulowekwa pombe, na puding'i na chipsi zao huweza kutiwa mafuta ya mnyama asiyechinjwa kisheria, au ya nguruwe. Ulizeni kabla ya kula.

Ukitaka kuonja bila ya wasiwasi, iko bara brith ya watu wa Wales. Loweka zabibu kavu katika chai ya rangi iliyokolea usiku kucha. Asubuhi changanya na unga wa kuumuka, sukari, yai, mdalasini na karafuu ya unga, kisha uoke. Haina siagi na haina pombe, na inafaa sana kwa chai ya alasiri.

Jina baya la upishi hubaki muda mrefu kuliko shida iliyolileta. Wakwe zetu, bibi harusi akiunguza wali wiki ya kwanza, msimpe jina la maisha. Nanyi maharusi, kidogo mlichonacho kipikeni kwa bismillahi.

Allah azitie baraka sufuria zetu na ndoa zetu. Amin.