Unabadilisha prosesa ya kompyuta ya zamani? Usiangalie GHz peke yake

Watu wengi wakitaka kuboresha kompyuta ya mezani huuliza mambo mawili tu: prosesa ina viini vingapi na GHz ngapi. Kuna namba ya tatu, kashe. Ukiisahau unaweza kutoa hela nyingi na kompyuta isibadilike kama ulivyotarajia.

Kashe ni nini?
Ni kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Data inayohitajika mara kwa mara inakaa humo. Kuifuata kwenye kashe ya L3 huchukua takriban nanosekunde 10. Kuifuata kwenye RAM huchukua zaidi ya 60. Kashe ikijaa haraka, prosesa inakaa bure ikisubiri, hata iwe na GHz nyingi.

Mfano wa AM4
Kompyuta nyingi za Ryzen za kuanzia 2017 zina soketi ya AM4. Madabodi nyingi za soketi hiyo zinakubali Ryzen 5000 baada ya kusasisha BIOS. Linganisha hizi mbili, zote za viini 8:

- Ryzen 7 5800X: hadi GHz 4.7, kashe ya L3 MB 32
- Ryzen 7 5800X3D: hadi GHz 4.5, kashe ya L3 MB 96

Ya pili ina GHz chache, lakini kwenye gemu nyingi ndiyo inayoongoza. Kwenye kazi kama kutengeneza picha za 3D, ya kwanza inaweza kuipita.

Lini kashe haitakusaidia?
Kama kompyuta bado ina HDD na RAM ya GB 4, anza na SSD na uongeze RAM. Kwa kuandika barua na kuingia mtandaoni, hapo ndipo utaona tofauti kubwa. Na kama kadi ya grafiki ni dhaifu, gemu zitakwama hapo hapo.

Kabla ya kulipa
1. Angalia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa madabodi kama prosesa hiyo inakubalika.
2. Sasisha BIOS kabla hujatoa prosesa ya zamani.
3. Soma jina lote mpaka herufi ya mwisho. Ryzen 7 5700G ina L3 ya MB 16, 5700X ina MB 32, na 5700X3D ina MB 96. Ukimwambia muuzaji "nataka 5700" tu, unaweza kupewa yoyote kati ya hizo.