Chimbuko la Seva ya Nyumbani

Seva ya nyumbani, yaani kompyuta inayohifadhi faili, picha, muziki na filamu za familia na kuzigawa kwa vifaa vingine kupitia mtandao wa ndani, ilizaliwa vyuoni kabla ya kuingia sebuleni. Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala kuhusu RAID, utaratibu wa kuunganisha diski kadhaa za bei nafuu ili moja ikiharibika data isipotee.

Hatua iliyofungua mlango hasa ilitoka Australia, ambako Andrew Tridgell, mwanafunzi wa uzamivu mjini Canberra, alianza mwishoni mwa 1991 kuandika programu ya kugawa faili kati ya kompyuta za mifumo tofauti, ambayo baadaye iliitwa Samba. Kwa kuwa hakuwa na maelezo ya itifaki, yaani kanuni zinazoongoza mawasiliano ya kompyuta, alichunguza data iliyokuwa ikipita mtandaoni na kuzibaini kanuni hizo kutokana nayo, kazi ya subira inayostahili heshima kubwa kuliko inavyopewa. Samba ilitolewa kama programu huria, ambayo yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuirekebisha na kuisambaza, hivyo kompyuta kuukuu yenye Linux iliweza kuhudumia zile za Windows bila ada ya leseni. Mwaka 2005, Olivier Cochard-Labbé alianzisha FreeNAS, programu ya seva ya faili iliyojengwa juu ya mfumo endeshi wa FreeBSD na kusimamiwa kwa kivinjari, nayo ikamwezesha hata asiyezoea kuandika amri kujitengenezea ghala la faili zake.