Ujuzi Uliobaki na Ujuzi Uliopotea

Tunapoadhimisha miaka mia moja ya usharika, ni desturi njema kuwataja waliotutangulia. Yafaa pia tuulize ni kwa njia gani ujuzi wao ulitufikia, na ni upi uliopotea njiani.

Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893, Mamba mwaka 1894 na Moshi mwaka 1896. Baadhi ya vijana waliojifunza kwao kusoma na kuandika wakawa walimu wa vijijini. Mwalimu wa namna hiyo alifundisha shule, akawaandaa wanafunzi wa ubatizo na kuongoza sala. Kazi hiyo aliijua kwa kuitenda pamoja na wenzake.

Mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Kiingereza iliwaondoa wamisionari Wajerumani. Hata hivyo sharika hazikuzimika. Walimu waliendeleza ibada na shule, kwa kuwa ujuzi wa kazi za kila siku ulikuwa umekwisha kukaa mikononi mwa wengi. Lakini hapakuwa na Mchagga hata mmoja aliyebarikiwa kuwa mchungaji. Huduma iliyokuwa ya wageni peke yao iliondoka pamoja nao, ikawalazimu Walutheri wa Marekani kuja kusaidia.

Pengo hilo lilianza kuzibwa mwaka 1934, wachungaji wa kwanza Wachagga walipobarikiwa. Vita vya mwaka 1939 vilipowatenga tena Wajerumani na kazi yao, kanisa lilikuwa na wachungaji wake wenyewe.

Upo ujuzi mwingine uliohifadhiwa na bado ukawa mbali nasi. Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902, aliwasikiliza wazee wa Kichagga kwa miaka mingi, na mwaka 1926 alichapisha kitabu kikubwa juu ya sheria zao. Aliandika kwa Kijerumani. Wazee wale wamelala. Maneno yao yamo kitabuni, lakini wajukuu wengi hawawezi kuyasoma.

Basi karatasi pekee haitoshi, wala kumbukumbu ya mtu mmoja haitoshi. Mtunza daftari la ubatizo, mwalimu wa kwaya na mweka hazina, kila mmoja amfundishe mwingine angali na nguvu, kwa lugha inayoeleweka. Paulo alimwagiza Timotheo vivyo hivyo. Watakaoadhimisha miaka mia ijayo watategemea jambo hilo.